Historia ya Mfumo Endeshi wa RSX-11 na Suala la Istilahi ya "Wakati Halisi"

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi zinazoletwa mezani petu na wafasiri, walimu na maofisa wa serikali, imo moja ambayo kwa sura ni nyepesi, lakini kwa maana imewapoteza wengi. Nayo ni "wakati halisi", hasa inapotumika katika fungu la maneno "mfumo endeshi wa wakati halisi". Maneno yote mawili ni ya Kiswahili, hayana ugeni wowote, na mtu yeyote aliyepita darasani huyasoma bila kukwama. Hiyo ndiyo hatari yake. Neno geni humfanya msomaji asite na kuuliza, bali neno lililozoeleka humpitisha haraka, akidhani kwamba ameelewa.

Tulipokuwa Kashozi, katika Wilaya ya Bukoba, kwa mazungumzo na walimu wa shule za jirani kuhusu istilahi za sayansi, mwalimu mmoja wa fizikia alitusimulia kisa ambacho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Jamaa yake alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kidogo cha kusindika mazao. Mashine mpya ililetwa pamoja na kijitabu kilichofasiriwa kwa Kiswahili. Kijitabu kilieleza kwamba mashine huongozwa na mfumo wa wakati halisi, na kwamba kila asubuhi msimamizi ahakikishe kuwa mfumo huo unafanya kazi sawasawa. Msimamizi, kwa uaminifu wake, aliitazama saa iliyokuwa usoni mwa mashine, akailinganisha na saa yake ya mkononi, akaona zinakubaliana, akatia sahihi. Alifanya hivyo siku nyingi. Kumbe kasoro iliyokuwapo haikuhusu saa hata kidogo: vali moja ilikuwa inafungwa sekunde chache baada ya muda unaotakiwa, na mizigo mingi ikaharibika kabla sababu haijajulikana.

Hatukitaji kiwanda hicho wala hatumtafuti mfasiri. Msimamizi alitenda kama maneno yalivyomwambia. Kosa lilikuwa katika istilahi, na sisi tunaoshughulika na istilahi tuna sehemu yetu katika lawama hiyo. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kurudi kwenye chimbuko la dhana yenyewe. Njia tuliyoichagua ni kueleza historia ya mfumo endeshi mmoja mashuhuri uliolichukua jambo hili hata katika jina lake, ukatumikia viwanda vya nchi nyingi kwa muda mrefu, kisha ukaachwa. Mfumo huo ni RSX-11.

Kengele ya Kashozi

Kabla ya kuingia katika historia, hapana budi tuipate dhana kwa mfano ulio karibu nasi. Misioni ya Kashozi ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892, nayo ndiyo ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi ya Wahaya. Zama za Wajerumani iliitwa pia Marienberg. Mahali penye misioni kongwe namna hiyo, kengele ni sehemu ya maisha ya watu, wawe waumini au la. Katika mazungumzo yetu na walimu alikuwapo mzee mmoja aliyewahi kuwa mpiga kengele katika ujana wake. Baada ya kutusikiliza tukivutana juu ya maana ya "wakati halisi", aliomba ruhusa akasema: "Wanangu, kengele haisifiwi kwa kupigwa upesi. Ikipigwa mapema ni kosa, ikichelewa ni kosa. Husifiwa kwa kupigwa wakati wake."

Tulimshukuru Mzee huyo, kwa maana alikuwa ameieleza dhana kuliko vitabu vingi. Mfumo wa wakati halisi si mfumo wenye saa isiyokosea, na wala si mfumo wenye mbio kuliko mingine. Ni mfumo ambao usahihi wa jibu lake haupimwi kwa jibu peke yake, bali pia kwa muda ambao jibu hilo limefika. Jibu sahihi lililochelewa huhesabiwa kuwa kosa. Na muda huo hauwekwi na mashine, wala hauwekwi na mwenye mashine. Huwekwa na jambo lenyewe linalotokea.

Tuchukue mfano wa kahawa ya unga, ambayo wakazi wa Bukoba wanaifahamu kwa sababu ya kiwanda cha TANICA kilichoanzishwa mjini humo katika miaka ya 1960. Katika njia mojawapo ya kutengeneza kahawa ya namna hiyo, maji mazito ya kahawa hupulizwa kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya moto, na matone hukauka yakiwa bado yanaanguka. Joto likipungua, unga hutoka na unyevu ukagandamana. Likizidi, ladha huungua. Tone lililo hewani halimsubiri mtu yeyote. Chombo kinachoongoza moto na hewa ni lazima kijibu kabla tone halijafika chini, ama sivyo jibu lake halina faida. Kwa upande mwingine, tangi la maji linalojaa kwa saa nzima linaweza kuongozwa na chombo kinachojibu kila baada ya dakika kumi, na chombo hicho kikawa cha wakati halisi kama kile cha kwanza, almuradi hakivuki ukomo wake.

Chimbuko la dhana

Katika siku za mwanzo za kompyuta, desturi ilikuwa kukusanya kazi kwa mafungu. Mtu alipeleka kadi zake zilizotobolewa leo, akarudi kesho kuchukua majibu. Kwa hesabu za mishahara au za sensa desturi hiyo ilitosha. Lakini katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, wataalamu walianza wakati wa Vita Kuu ya Pili kutengeneza mashine ya kufundishia marubani wa jeshi la majini. Mashine hiyo, iliyoitwa Whirlwind na iliyofanya kazi kikamilifu mwaka 1951, ilitakiwa kumjibu rubani wakati uleule anapogeuza usukani wake. Jibu la kesho halikuwa na maana kwake. Hapo ndipo ilipobidi kutofautisha kati ya hesabu inayofanywa baadaye, kwa nafasi, na hesabu inayofanywa ndani ya wakati ambamo jambo lenyewe linatendeka. Waingereza na Wamarekani wakauita wakati huo wa pili kwa neno lao lenye maana ya "halisi", kwa kuulinganisha na wakati wa kubuni wa karatasini. Wafaransa wakasema "temps réel", Wajerumani "Echtzeit", Warusi nao wakafasiri vivyo hivyo. Sisi tukafuata nyayo.

Mwaka 1957 ilianzishwa huko Maynard, Massachusetts, katika jengo la kiwanda cha zamani cha kufuma sufu, kampuni ya Digital Equipment Corporation. Kampuni hiyo ilijipatia sifa kwa kutengeneza kompyuta ndogo kuliko zile za kujaza ukumbi, ambazo maabara au kiwanda cha kawaida kingeweza kununua. Mwaka 1970 ilitoa kompyuta ya PDP-11, na katika miaka iliyofuata ziliuzwa takriban 600,000 za namna hiyo katika miundo mbalimbali. Kompyuta hizo ziliwekwa kando ya mitambo: katika viwanda vya kemikali, vya chuma na vya karatasi, katika vituo vya umeme, katika maabara na hospitali.

Maunzi bila mfumo endeshi ni kama ofisi bila mtumishi. Kwa ajili ya kompyuta ya PDP-15 iliyotangulia, mhandisi Dan Brevik alikuwa amebuni mfumo uliotolewa mwaka 1971 kwa jina la RSX-15. Herufi hizo tatu ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu maana yake ni "Mtendaji wa Mfumo wa Wakati Halisi". Mfumo huo ulipohamishiwa kwenye PDP-11 ukaitwa RSX-11. Matoleo yake ya kwanza, yaliyotambulishwa kwa herufi A na C, yalikuwa madogo sana na yalipakiwa kwa tepu za karatasi. Baadaye likaja toleo B lililoweza kutumia diski kwa kiasi, na mwaka 1973 toleo D lililokuwa mfumo kamili wa diski.

Toleo D lilikuwa na uwezo, lakini lilihitaji kumbukumbu nyingi, na kumbukumbu katika miaka ile ilikuwa ghali mno. Ndipo kazi ya kuupunguza mfumo ilipokabidhiwa Dave Cutler, kijana aliyejiunga na Digital mwaka 1971 akitokea DuPont, kampuni ya kemikali. Matokeo yake yalikuwa toleo M. Inasimuliwa kwamba Cutler alitengeneza muhuri wa mpira wa kuwakumbusha wenzake kwamba udogo ndio lengo, akawa anaugonga juu ya hati zao. Lengo hilo lilifikiwa: RSX-11M iliweza kufanya kazi ndani ya kumbukumbu ya kilobaiti 32, yaani nafasi isiyotosha picha moja ya kawaida ya simu za leo. Baadaye yaliongezwa matoleo mengine mawili: S, kwa kompyuta zisizo na diski zilizokaa karibu kabisa na mitambo, na M-PLUS, kwa kompyuta kubwa zaidi.

Jinsi mtendaji alivyofanya kazi

Wasomaji wetu walio katika utumishi wa serikali watavutiwa na neno "mtendaji" katika jina la mfumo huu. Hapa Kiswahili hakikulazimika kukopa. Tunaye mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata, na kila mtu anafahamu kwamba kazi ya mtendaji si kulima mashamba ya watu wote, bali ni kuangalia nani anahitaji nini, lipi litangulie na lipi lisubiri, na kupokea taarifa ya dharura hata kama alikuwa katikati ya shughuli nyingine. Mtendaji wa RSX-11 alikuwa hivyo hasa.

Kila programu iliyokuwa tayari kutumika iliitwa jukumu. Kila jukumu lilipewa namba ya kipaumbele kuanzia 1 hadi 250, na lenye namba kubwa lilitangulia. Mtendaji hakugawa muda kwa usawa. Aliutoa kwa jukumu lenye kipaumbele cha juu kuliko yote miongoni mwa yale yaliyo tayari. Mwenye kufunga vali akiwa na namba 200 na mwenye kuchapa ripoti akiwa na namba 50, ripoti husimama katikati ya mstari mpaka vali ifungwe. Kwa mtu anayependa haki ya foleni, utaratibu huu waweza kuonekana wa upendeleo. Kwa kiwanda ndio usalama wenyewe.

Taarifa za dharura zilimfikia mtendaji kwa njia ya katizo: kifaa kilichounganishwa na kompyuta hupeleka ishara, bongo kuu huacha kazi iliyokuwa ikifanya, hukumbuka ilipoishia, hushughulikia ishara, kisha hurejea. Majukumu nayo yaliarifiana kwa bendera za matukio. Jukumu moja liliweza kusimama na kusubiri mpaka bendera fulani ipandishwe na jukumu lingine au na kifaa. Bendera hizo zilihesabiwa kutoka 1 hadi 64. 32 za kwanza zilikuwa za jukumu lenyewe, na 32 zilizofuata zilishirikiwa na majukumu yote. Na kama nafasi katika kumbukumbu haikutosha, mtendaji aliweza kulihamisha jukumu lenye kipaumbele cha chini hadi kwenye diski, akalipisha lenye haraka, kisha akalirudisha baadaye liendelee pale lilipokomea.

Jambo moja katika ubanifu wa mfumo huu linatugusa sisi wa lugha. Jina la jukumu halikuruhusiwa kuzidi herufi sita, na jina la faili halikuzidi herufi tisa pamoja na tatu za kutambulisha aina. Sababu ni hesabu. Wahandisi walijiwekea alama 40 tu: nafasi tupu, herufi 26, tarakimu 10 na alama chache za ziada. Mafungu ya alama tatu yanayoweza kuundwa kutokana na alama 40 ni 64,000, na neno moja la kompyuta ya PDP-11, lenye biti 16, linaweza kubeba thamani 65,536. Kwa hiyo alama tatu ziliingia barabara katika neno moja, na jina la herufi sita katika maneno mawili. Mhandisi wa Kiswahili angeweza kuliita jukumu lake KAHAWA au MTAMBO bila shida, lakini HALIJOTO lisingeingia. Uchoyo wa kumbukumbu uliamua hata urefu wa majina, na mtu akiziona leo amri za herufi tatutatu za mfumo ule asidhani kwamba waliozibuni hawakujali lugha. Walikuwa wanahesabu biti.

Kuenea kwake, na hali yetu wakati huo

RSX-11 ilivuka mipaka ya nchi yake. Huko Urusi na nchi rafiki zake za wakati ule zilitengenezwa kompyuta zilizofuata muundo wa PDP-11, na pamoja nazo mfumo endeshi ulioiga RSX-11M. Mfumo huo uliitwa OS RV, yaani kwa kifupi cha Kirusi, "mfumo endeshi wa wakati halisi". Hivyo pande mbili zilizotazamana kwa uadui ziliongoza viwanda vyao kwa mtendaji mmoja, kila upande ukimwita kwa lugha yake.

Na sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza ya serikali nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za hesabu. Mwaka 1974, wakati RSX-11 inashika kasi ulimwenguni, serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lililegezwa katika miaka ya 1980. Hatuna haja hapa ya kuujadili uamuzi ule. Lenye umuhimu kwa makala haya ni matokeo yake kwa lugha. Katika miaka ileile Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa likitoa orodha za tafsiri sanifu kwa ajili ya ofisi, benki, mahakama na shule. Maofisa wa siku zile walitunga istilahi kwa vitu walivyoviona na kuvishika. Kwa mfumo endeshi wa kiwandani hapakuwa na wa kumwuliza swali, kwa hiyo hapakuwa na jibu.

Istilahi za kompyuta zilitufikia kwa wingi baadaye, na kwa mlango mwingine: mlango wa ofisi, wa barua na majedwali. "Ngamizi" na "tarakilishi" zilishindana na "kompyuta", na kwa watu wengi "kompyuta" ikashinda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kampuni kubwa za ng'ambo nazo zikafasiri programu zao. Kazi hizo zilikuwa za manufaa makubwa. Lakini mtumiaji wa programu ya barua hahitaji kujua ukomo wa muda wa vali. Kwa hiyo "wakati halisi" liliingia katika orodha kama neno la pembeni, likafasiriwa neno kwa neno, na halikupata kujaribiwa mahali ambapo kosa lake lingeonekana. Lilijaribiwa baadaye, katika kiwanda cha yule msimamizi wa zamu.

Mwisho wa RSX-11

Mfumo huu haukufa kwa kushindwa kazi. Mwaka 1977 Digital ilitangaza kompyuta mpya ya VAX, yenye nafasi kubwa zaidi ya kumbukumbu, na Cutler akawa miongoni mwa wabunifu wakuu wa mfumo endeshi wake, VMS. Mashine za kwanza za VAX ziliweza hata kuendesha programu za RSX-11M, ili wateja wa zamani wasitupwe. Lakini ni dhahiri kwamba mwelekeo ulikuwa umebadilika. Kisha kompyuta ndogo za mezani zikashuka bei, na vifaa maalumu vya kuongozea mitambo vikachukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na PDP-11.

Mwaka 1994 Digital iliihamishia kampuni ya Mentec haki za programu za PDP-11, pamoja na RSX-11. Mwaka 1998 Digital yenyewe ilinunuliwa na Compaq. Kwa njia ya pembeni, hata hivyo, mtendaji wa zamani aliacha warithi. Cutler alihamia Microsoft mwaka 1988, na mfumo wa Windows NT alioongoza kuutengeneza ukatolewa mwaka 1993. Mtu anayezijua RSX-11 na VMS hutambua ndani ya NT fikra nyingi za nyumba ile ya kwanza. Ofisa anayewasha kompyuta yake leo asubuhi kuandika barua anatumia, bila kujua, mawazo yaliyokomaa kando ya matangi ya kemikali.

Aidha, mashine zenyewe hazikuondoka zote mara moja. Mwaka 2013 zilitangazwa habari kwamba General Electric nchini Kanada ilikuwa inatafuta watu wanaofahamu programu za PDP-11 kwa ajili ya mitambo ya nyuklia, na kwamba kazi hiyo ilitarajiwa kuendelea hadi mwaka 2050. Aliyezaliwa baada ya kiwanda kuacha kutengeneza mashine hiyo atalazimika kusoma vitabu vyake na kuelewa kila neno lililomo.

Funzo kwa waundaji wa istilahi

Jambo hili la kurudia ufundi ulioachwa si geni Kagera. Wahaya walikuwa wayeyushaji wa chuma, na mabaki ya tanuri za ufukwe wa magharibi wa Ziwa Viktoria yanarudi nyuma kwa muda wa miaka 1,500 hadi 2,000. Ufundi huo ulikoma katika karne ya 20, chuma cha kununua kilipoenea. Hata hivyo mwaka 1976 wazee walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, na taarifa ya utafiti wao ikachapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Tanuri zilikuwa zimebomoka zamani. Kilichobaki kwa wazee ni majina ya sehemu, mpangilio wa hatua, na ujuzi wa nini kifanyike lini. Maana mivukuto nayo ina wakati wake, na mfua mivukuto akilegea, moto haumsubiri.

Kutokana na historia hizi mbili tunajifunza kwamba istilahi huishi kuliko chombo. Anayetunga istilahi kwa kuitazama mashine iliyo mbele yake hutunga jina la mashine hiyo tu. Anayetunga kwa kuitazama dhana humtumikia hata yule atakayekuja mashine ikiwa imekwisha kuwa chuma chakavu.

Sasa turudi kwenye "wakati halisi". Neno "halisi" katika Kiswahili hutenga kitu cha kweli na cha bandia: asali halisi, dhahabu halisi. Kwa hiyo msikiaji wa "wakati halisi" huelewa saa isiyodanganya, kama alivyoelewa yule msimamizi. Mapendekezo kadhaa yametolewa ya kulibadilisha. Wapo wanaosema "papo kwa papo". Lakini hilo linasisitiza wepesi, na tumekwisha kuona kwamba wepesi sio kiini cha dhana. Wapo wanaosema "wakati wa tukio". Nalo liko karibu zaidi na maana, ila katika lugha ya polisi na mahakama limekwisha kupata kazi ya kutaja saa ambayo jambo lilitendeka, na maofisa wengi wangelisoma hivyo. Usemi wa Mzee wa Kashozi, "wakati wake", ndio wenye maana nzuri kuliko yote, lakini ukiuweka katika jina unauliza "wakati wa nani?", na istilahi isiyosimama peke yake haifai.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. "Wakati halisi" limekwisha kuenea katika programu, vitabu na mitihani, na kuling'oa sasa kutaleta vurugu kuliko faida. Libaki, lakini lisiachwe liende peke yake. Tunapendekeza liandamane daima na istilahi nyingine, "ukomo wa jibu", na kila kijitabu cha mashine kinachotaja mfumo wa wakati halisi kilazimike kutaja ukomo wake wa jibu kwa tarakimu. Kama kijitabu cha yule msimamizi kingeandika kwamba vali sharti ifungwe ndani ya nusu sekunde baada ya ishara, asingeitazama saa ya ukutani, angeitazama vali.

Kwa ajili hiyo tunaweka mbele ya wasomaji maelezo yafuatayo, ambayo ni ya kujadiliwa:

Mfumo wa wakati halisi: mfumo ambao jibu lake huhesabiwa kuwa sahihi endapo tu limetolewa kabla ya ukomo unaowekwa na jambo linaloongozwa.

Ukomo wa jibu: muda mrefu kuliko wote unaoruhusiwa kupita kati ya ishara na jibu.

Mtendaji: sehemu ya mfumo endeshi inayoamua jukumu lipi litumie bongo kuu, na kwa wakati gani.

Jukumu: programu iliyoandikishwa kwa mtendaji na kupewa kipaumbele.

Katizo: ishara inayoifanya bongo kuu isimamishe kazi iliyo mkononi ili kushughulikia jambo la haraka, kisha irejee.

Bendera ya tukio: alama inayopandishwa au kushushwa ili kuliarifu jukumu linalosubiri.

Tunawaomba wafasiri wayajaribu maelezo haya katika kazi zao, na walimu wayapeleke darasani. Kwa maofisa wenye madaraka ya kupokea mashine na vijitabu vyake, ombi letu ni moja la nyongeza: kabla ya kutia sahihi, waulize ukomo wa jibu umeandikwa ukurasa gani. Palipo na kasoro katika pendekezo letu tuandikiwe, nasi tutasahihisha. Istilahi ni mali ya wanaoitumia, na yule msimamizi wa zamu ana haki juu yake sawa na sisi tunaokaa mezani kuitunga.